Koome Aliomba Aanzishiwe Dawa Iliyopo

Mwalimu Josphat Koome alizaliwa Nkubu, Meru, tarehe 14 Machi 1978, akiwa kitinda mimba. Familia iliomba maisha yake yasomwe kwa upole. Mkewe, Kathure, ndiye aliyeyaandika, na upole umemwishia.

Alisoma hapahapa Nkubu, akahitimu ualimu wa fizikia mwaka 2002. Mwaka uliofuata alipelekwa kufundisha Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, ambako ndugu zake hawakutia mguu hata mara moja, kisha akahamia Garissa mjini. Huko alitengeneza kipimo cha kutambua maziwa ya ngamia yaliyotiwa maji, kwa mrija na donge la udongo, na wanafunzi wakakimbilia sokoni kukijaribu. Akina mama waliotia maji walimnunia sana. Baadaye wao wenyewe wakawa wanamwita awaamulie ugomvi.

Alimwoa Kathure tarehe 8 Desemba 2007, wakajaliwa mabinti wawili.

Kirusi cha homa ya ini B kiligunduliwa mwilini mwake mwaka 2016, ini likiwa limeshaanza kuota makovu. Mnaonong'onezana hapo hemani kwamba ni pombe, Koome hakuwahi kuionja. Januari 2025 ini lilizidiwa, na figo zikagoma nalo. Daktari Hibo, aliyekuwa akimtibu Garissa, aliwaeleza ndugu bila kuficha. Terlipressini, dawa ya kuziamsha figo, huchomwa wodini, lakini ilibidi itoke Nairobi. Noradrenalini ilikuwepo, na husaidia figo za namna hiyo karibu sawa na ile, ila hutolewa kwa dripu katika chumba cha mahututi, na kitanda kimoja kilikuwa wazi. Vidonge vya midodrini pamoja na sindano za oktreotidi vilikuwa dhaifu kuliko zote.

"Nianzishieni iliyopo," Koome alisema, akiwa na akili zake timamu.

Lakini katika ukoo wake mgonjwa haingii chumba cha mahututi kabla wanaume hawajakaa. Kaka yake mkubwa, Mwiti, aliitisha kikao kwa simu, akaperuzi mtandaoni, akaamuru isubiriwe dawa ya Nairobi. Kathure alipotaka kutia sahihi ili mumewe aingizwe humo, Mwiti alimwambia, "Wewe ni mke. Tulia, wenyewe wamalize."

Mwalimu Aden, jirani yao, aliichukua simu. "Mwiti, huyu mtu iko na mdomo yake. Uliza yeye, wallahi."

Mwiti akakata simu.

Kitanda kilipewa mgonjwa mwingine. Koome akabaki na vidonge na sindano, na dawa ya Nairobi ilipofika hakuwa akimtambua hata mkewe. Alifariki Jumanne, 11 Februari 2025. Daktari alikuwa amesema kwamba hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyo ya uhakika, na Kathure anakubali. Kinachomkereketa ni kwamba mumewe alichagua, wakamfanya kama hayupo.

Ameacha mjane, Kathure. Mabinti, Makena na Kendi. Rafiki, Aden, aliyeusindikiza mwili kutoka Garissa. Na kaka, Mwiti, aliyeketi mstari wa mbele. Jana kikao kilikaa tena kuamua nini kiondolewe katika wasifu huu. Kathure hakusubiri uamuzi.

Lala salama, Koome, upumzike.