Mkono Ulioachiwa Katika Sehemu ya Nane

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kituo chetu, Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi, Ndugu Mwongozaji wa katuni yetu mpya, wachoraji, waandishi, wageni waalikwa, na wewe binti yangu uliyeketi kule nyuma karibu na mlango, ambaye kadi yako ya mwaliko iliandikwa "na mwenzake" bila kutajwa wewe ni nani: habari za jioni.

Mmekuja kuniaga baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhariri miswada. Nawashukuru. Lakini mezani hapa, kando ya zawadi, nimewekewa pia karatasi ya idhini ya sehemu ya nane ya katuni yetu, niitie saini kabla ya chakula. Niwieni radhi, basi, nikianza na karatasi.

Kwa wasioujua mchezo wa video tuliougeuza kuwa katuni ya watu wazima, nieleze taratibu. Kuna binti na mama yake aliyepoteza kumbukumbu. Mchezaji ni yule binti. Kuna kitufe kimoja cha kumshika mama mkono. Ukikibonyeza mama anakufuata, ukikiachia anapotea. Mwishoni kuna korido ya hospitali, ndefu, na mama anatembea kama atembeavyo mgonjwa. Ni dakika kumi na moja, kidole gumba kimebana pale pale.

Nilipoucheza, kidole kiliniuma, nikampigia simu mtunzi wake kulalamika. Akacheka. "Kiache kiume, Babu," akaniambia. "Mimi mkono uliniuma miaka minne." Mtunzi huyo ndiye binti aliyeketi kule nyuma. Mchezo aliutengeneza mezani, kando ya kitanda cha mama yake, na mama yake alifariki akiwa ameshikwa mkono.

Sasa, ndugu zangu, muswada wa sehemu ya nane unasemaje? Unasema binti anamwachia mama mkono kwa makusudi, anamtukana, anamwacha koridoni na kwenda zake. Niliposoma nikadhani nimezeeka vibaya. Nikaenda chumba cha waandishi, nikauliza, "Nani hapa ameucheza mchezo huu?"

Mmoja akasema, "Mzee, tumeutazama wote mtandaoni. Kuna jamaa anacheza na kujirekodi."

"Na huyo jamaa alifika mwisho?"

"Alifika. Mama anapotea, binti anaendelea peke yake. Inauma, Mzee. Hiyo ndiyo ya watu wazima."

Nikaomba niione. Dakika ya sita ya korido, jamaa anasema, "Subirini nipige funda la soda," anaachia kitufe, anakunywa. Mama anapotea. Jamaa anacheua, anaendelea. Basi. Mama wa watu ametupwa kwa sababu mtu alishikwa na kiu, na juu ya kiu ile wasomi sita wamejenga kurasa arobaini. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Nao hawakukutana na waandishi wetu.

Nawapongeza wachoraji, maana hata kandambili ya yule mama wameichora imelika upande mmoja, kama kandambili ya mtu anayeburuta mguu. Nampongeza pia Mwongozaji kwa ujasiri, kwani nilipomweleza haya alinijibu bila kupepesa macho, "Mzee Kalamu Nyekundu, katuni ya watu wazima isiyo na tusi wala damu ataitazama nani?"

Nikuulize mbele ya watu, mwanangu: mtu mzima ni nani? Ni yule anayejua matusi? Watoto wa jirani yangu wanayajua yote, na mengine wameyatunga wenyewe. Mtu mzima ni yule ambaye kuna mkono hawezi kuuachia, hata kiu ikimkaba.

Wiki iliyopita mlirusha tangazo la kipindi, binti akimwacha mama koridoni. Shangazi wa binti huyu akaliona, akampigia simu. Hakumsalimu. Alimuuliza, "Kumbe ndivyo ulivyomfanya wifi yangu?" Akakata. Tangu siku hiyo shangazi hapokei simu ya binti, na sehemu yenyewe itarushwa baada ya siku kumi na mbili, ndugu zake wote wakiitazama. Mtajibu nini? Kwamba jamaa alikuwa na kiu?

Kwa utaratibu wetu, sehemu hairushwi bila saini ya mhariri. Mimi nastaafu mwisho wa mwezi, na mpaka siku hiyo saini hii ni yangu. Siitii.

Lakini sipendi kuondoka na kinyongo. Fundi amenisaidia: pedi ya kuchezea hii hapa mezani, na mchezo umewashwa kwenye kioo nyuma yangu, mwanzo wa korido. Ndugu Mwongozaji, njoo uketi. Jamaa yule hakufika mwisho wa kweli, nawe hukufika. Ukimfikisha mama mlangoni bila kumwachia, anageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze, anamwita mwanawe kwa jina.

Binti yangu, sogea mbele, kiti kipo. Chakula kitatusubiri, zawadi nitaifungua baadaye. Asanteni nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Naomba subira hiyo hiyo kwa dakika kumi na moja zaidi. Mwongozaji, weka soda chini.