Mzee Dakika na Saa za Mwezi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya kazi na baba yetu, huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Dakika. Alizaliwa Jumatano, tarehe 2 Februari 1949, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkewe. Mkunga aliyempokea hakuwa na saa, kwa hiyo kwenye kadi aliandika tu, "Jua likichomoza." Marehemu hakuridhika na maneno hayo. Alipojifunza kuandika programu za kompyuta, akiwa na miaka thelathini na minane, swali la kwanza aliloiuliza mashine lilikuwa jua lilichomoza saa ngapi asubuhi ile, mahali pale. Ikamjibu: saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Alikwenda mbio kumpasha mama yake habari hiyo, na mama akamwambia kwamba yeye siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hisabati aliiweza kuliko alivyoweza kunyamaza. Mara mbili aliadhibiwa kwa kumsahihisha mwalimu mbele ya darasa, na mara zote mbili, kwa maelezo yake mwenyewe, mwalimu ndiye aliyekuwa amekosea. Baadaye alisomea hisabati chuoni kwa miaka mitatu.

Tarehe 1 Julai 1973 aliajiriwa katika idara ya hali ya hewa kuwa karani wa majedwali. Kazi yake ilikuwa kuandaa saa za jua na mwezi kuchomoza na kutua, mwaka mzima, kwa kila wilaya. Miaka ya mwanzo alikokotoa kwa mkono, kwa kitabu kinene na penseli. Kompyuta ilipoletwa ofisini, wenzake waliifunika kitambaa isipate vumbi. Yeye alikifunua kitambaa, akajifundisha mwenyewe, akaandika programu iliyodai mambo matatu tu: tarehe, mahali mtu alipo, na saa za mahali hapo. Marubani waliotua kwenye viwanja visivyo na taa waliyategemea majedwali yake. Mmoja aliwahi kuja kugombana naye kwa sababu ya dakika mbili, akaondoka akiwa ameomba radhi. Tuseme na hili pia: mtu huyu aliyejua jua liko wapi kila dakika alikaa miaka thelathini na sita katika chumba cha mwisho cha korido ya ofisi, dirisha lake likitazama ukuta wa stoo, na jua halikuingia humo hata siku moja.

Mwaka 1978 alimwoa muuguzi wa zahanati ya jirani. Siku ya harusi alimwonya mpiga picha kwamba ikifika saa kumi na moja na dakika tano, jua litakuwa nyuma ya jengo. Mpiga picha alichelewa. Katika picha iliyoning'inia sebuleni mpaka leo, bwana na bibi harusi wamo gizani, na bwana harusi amekasirika kweli, huku bibi harusi akicheka. Mwaka 1981 Mungu aliwajalia binti mmoja, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Mama alitangulia mbele ya haki mwaka 2003.

Miaka miwili baada ya hapo binti naye aliondoka, akaenda kusoma na kisha kufanya kazi ya ufamasia katika nchi ya mbali. Kwenye uwanja wa ndege alilia, na baba yake, ambaye hakuwa fundi wa kubembeleza, alimwambia hivi: "Mwezi ni huu huu. Nitakutumia saa ambayo unaonekana kwako na kwangu. Ukitoka nje, mimi nami nitakuwa nje."

Ndivyo alivyofanya. Mara tatu au nne kila mwezi programu ilipiga hesabu za miji miwili, naye alituma ujumbe wenye saa na upande wa kutazama. Binti aliishi ghorofa ya nne, na dirisha lake lilitazama jengo jingine, kwa hiyo ilimlazimu kushuka ngazi mpaka kwenye maegesho ya magari. Kwa miaka miwili alishuka kila mara, akajibu, "Nimeuona, baba." Kisha zikaja zamu, baridi na uchovu. Akaanza kujibu akiwa kwenye basi, akiwa nyuma ya kaunta ya dawa, akiwa kitandani. "Nimeuona, baba." Alijiambia kwamba ni uongo mdogo wa kumfurahisha mzee. Mzee mwenyewe alistaafu mwaka 2009, akabaki na meza ya watu wanne ambayo viti vyake vitatu vilijaa makaratasi.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kumsumbua. Hakulalamika. Tarehe 26 Aprili mwaka huu wa 2024 alilazwa, na ujumbe wa Jumapili iliyofuata haukuja. Binti hakugundua. Ni vigumu kulisoma hili mbele yenu, lakini ni kweli: hakugundua mpaka baba yake mdogo alipopiga simu, tarehe 2 Mei. Binti alifika tarehe 10.

Kesho yake marehemu alimtuma nyumbani kumletea kompyuta na daftari lake. Binti alilifungua daftari kwenye benchi nje ya wodi. Lilikuwa na safu tatu: tarehe, saa, na alivyojibu. Kwenye Jumanne, tarehe 30 Machi 2010, kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Nchi ile husogeza saa mbele kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, na marehemu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, alisahau kuibadilisha programu. Alikuwa amemtumia binti saa moja na dakika hamsini jioni, wakati kwa saa za kule mwezi ungechomoza karibu saa tatu. Aliandika: "Nimekosea kwa saa moja. Mwezi ulikuwa bado haujachomoza. Amejibu kwamba ameuona." Chini yake ujumbe uliendelea, kurasa kwa kurasa, miaka kumi na minne.

Binti aliingia wodini, akakaa kitandani.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kujibu."

Kisha akamuuliza kama alifunga mlango wa nyuma alipotoka.

Marehemu alituaga Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Muuguzi aliandika saa kumi na mbili na robo asubuhi. Binti aliomba isahihishwe iwe saa kumi na mbili na dakika kumi, na muuguzi, baada ya kumtazama kidogo, akasahihisha. Kwa jedwali la marehemu, jua lilikuwa limebakiza dakika kumi na tisa kuchomoza.

Ameacha binti mmoja, dada mmoja, mdogo wake mmoja wa kiume na wapwa kumi na mmoja. Ameacha pia saa za jua na mwezi za mwaka huu wote, kwani hakupenda kazi ya kukimbizana na muda. Mstari wa leo katika daftari lake, Jumamosi tarehe 18 Mei, unasema mwezi unachomoza saa nane na dakika thelathini na nane mchana. Sasa ni saa kumi kasorobo. Mkiinua macho upande wa mashariki, juu ya paa lile la bati, mtauona, mweupe, umefifia kwa sababu ya jua. Safu ya tatu ya mstari huo iko wazi, na binti ameomba daftari lisizikwe pamoja naye mpaka aijaze.

Mwenyezi Mungu amlaze baba yetu mahali pa utulivu, na apumzike kwa amani.

Nimeuona, baba.