Zéphyrin Mugisho, Fundi wa Mashine ya Moyo

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Bukavu tarehe 3 Machi 1931, akasoma kwa mapadri, akajifunza ufundi wa redio, na mwaka 1964, vita vilipofika mlangoni, akavuka mpaka na kuja Kampala. Hapa aliajiriwa katika hospitali moja, akakabidhiwa mashine ya moyo, ambayo hushika tofauti ya umeme kati ya sehemu mbili za mwili, ndogo isiyofika hata sehemu ya mia ya volti, na kuiandika kwa kalamu. Tarehe 8 Julai 1967 alimwoa Nabintu, wakajaliwa binti, Marie-Louise.

Tarehe 14 Februari 1975 askari walimchukua pamoja na mashine yake hadi kambini, kwa kuwa mkubwa wao alisikia kwamba inatambua waongo. Marehemu alieleza kwa upole kwamba inapima moyo, haipimi maneno, akaulizwa maneno hutoka wapi kama si moyoni. Alipoletwa mfungwa wa kwanza, Alanyo, muuza samaki wa Nakivubo, marehemu alibandika nyaya zote mbili mahali pamoja mkononi, na pasipo tofauti kalamu haichezi, ikachora mstari ulionyooka, mkubwa akausoma kuwa ni ukweli mtupu, mama yule akaachiliwa.

Kumbe alikuwa amejifungia mwenyewe, kwani mashine ikaaminiwa, na fundi wake akakatazwa kutoka. Miezi ikapita, mkubwa akashangaa iweje Kampala nzima isiwe na mwongo, akaamuru fundi naye apimwe, askari wakabandika waya mmoja huku na mwingine kule, wakamuuliza kama anatamani kutoroka. Alijibu kwamba hatamani, kalamu ikaruka kama panzi. Walicheka hadi machozi, wakamtia mnyororo mguuni, lakini kazi wakamwachia, maana hapakuwa na mwingine aliyeijua, na mashine iliyomnasa fundi wake hakuna aliyeishuku tena. Akaendelea kubandika nyaya za wafungwa mahali pamoja, hadi miaka minne ikatimia.

Kifua kilimwanza humo. Askari walipokimbia, Aprili 1979, alirudi kwa miguu, akafariki tarehe 2 Septemba.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Kabalagala na wafanyakazi wenzake. Mama Alanyo amekuja, ameketi na mjane. Wafungwa wengine walioachiliwa hatujui kama walifika kwao, kwani marehemu aliona migongo yao tu ikitoka. Kama yupo hapa aliyepimwa naye, familia inamwomba asogee, ashike jeneza pamoja nasi.

Baba Marie-Louise, pumzika kwa amani.