Kuzunguka Uwanja Kutwa

Fundi cherehani alikaa kwenye basi miguu imemkakamaa, mama yake akisinzia begani mwake. Dereva wa lori aliyeketi jirani alimuuliza kulikoni.

"Nimekimbia tangu alfajiri, kaka. Tulikuwa na mashindano ya kuzunguka uwanja wa shule."

"Kutwa nzima palepale? Mimi nikisafiri lazima nifike mahali, dada."

"Nilikuwa nafika. Kila mzunguko namkuta mama na maji. Mbio za barabarani angeniona nikiondoka, kisha ashinde na wasiwasi. Leo, kufikia alasiri, alikuwa anawazomea walionipita."

Abiria wa nyuma, waliokuwa wakisikiliza, walijifanya kutazama dirishani. Dereva wa lori alicheka, ila hakushawishika. "Bado ni kuzunguka tu."

Basi lilisimama. "Tumefika, mama," fundi alisema taratibu.

"Kaza mwendo, mwanangu," mama alijibu, macho bado ameyafumba. "Hao wa mbele wamechoka."