Tuta la Siwema

Maji yalipokauka, mwaka ule wa mvua za elnino, kijiwe cha kahawa cha Kibaoni kilirudi mahali pake. Nassib alimimina kahawa. Tadei, waliyemwita Redio, alileta habari. Na Polycarp, fundi wa matofali ya saruji aliyejiita Injinia, alizipinga. Valeriani alikaa mwisho wa benchi. Tangu amzike mkewe Siwema hakuwa amefika hapo. Siku hiyo alikuja kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

Wenzake walianza na mpira, kwa adabu. Lakini ulimi wa Redio haukukaa mbali na mafuriko.

— Maji yale hayakuwa ya bure. Kuna bwawa huko milimani limefunguliwa.

— Acha fiksi, Redio, alisema Injinia. Ni bahari ya mbali imechemka, mvuke wote ukatuangukia sisi.

— Imechemka nani kakoleza kuni?

— Wenye viwanda!

— Bibi yangu angewacheka, Nassib akadakia. Angesema joka la mtoni limehama. Likihama linaukokota mto kama mkia.

— Ndiyo maana wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Redio.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo? Injinia akauliza.

— Elnino si mgeni?

— Na amepona nani?

Valeriani aliinamia kikombe chake.

Yeye alijua maji yalikopita. Kati ya mto Lumemo na nyumba za Lipangalala palikuwa na tuta refu la mchanga, mto wenyewe ulilirundika miaka na miaka, matete yakalishika. Siwema alikuwa mzaliwa wa Pangani. Walikutana wakikata miwa shambani. Siku ya kwanza kuliona tuta lile alisema, “Huu ni ukuta, Vale. Kwetu, ukingʼoa majani kwenye vilima vya mchanga pale ufukweni, wazee wanakuita muuaji. Bahari ikija, nani ataizuia?” Watu wakamcheka, eti mama wa pwani anauogopa mto kama bahari. Kila kiangazi alipanda matete palipoliwa na mbuzi.

Mji ulikuwa unajengwa, malori yakafuata mchanga wa matofali ya saruji. Siwema alisimama na jembe mbele ya lori la kwanza, likageuza. Kesho yake likaingilia upande wa pili. Mvua zilipofika, tuta lilikuwa na pengo pana kama barabara, na mto ukapita hapo hapo.

Siwema alimtoa bibi Mwanasha, jirani yao asiyeona, akamkabidhi kwa Valeriani juu ya kichuguu. Akarudi kumfuata mjukuu wa bibi. Mtoto alipokelewa dirishani na majirani. Ukuta ukamwangukia Siwema.

Injinia alikohoa.

— Vale, ndugu yangu, kazi ya Mungu haina makosa.

— Mungu ana lori, Injinia?

Nassib alijifanya anapuliza mkaa.

— Mchanga kila mtu alichota kidogo tu, Injinia akasema chini chini. Haba na haba...

— Hujaza kibaba. Kimejaa. Nimezika.

Baiskeli ikasimama mbele yao. Kijana wa Kisukuma, miguu imejaa tope, alikuwa amefunga magunia mawili yaliyolowa kwenye keria.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Naitwa Makoye, nachunga ngʼombe ngʼambo ya mto Kilombero. Poleni na maji. Njia zilifungwa, ndiyo maana nimechelewa. Mama Siwema aliniagiza mizizi ya matete, ya kuziba pengo kabla ya mvua. Nitampata wapi?

Nassib aliweka birika chini.

Valeriani alisimama, akafungua gunia. Mizizi ilikuwa imeanza kuchipua.

— Umeilowesha njiani?

— Kila nilipoona maji nilisimama, mzee. Alisema isikauke.

— Mimi ni mume wake, alisema Valeriani. Machozi, yaliyokataa hata kaburini, yalimtoka mbele za watu. Makoye akaelewa, akavua kofia.

Kisha Valeriani akashika usukani upande mmoja, kijana upande mwingine, wakaikokota baiskeli kuelekea mtoni.

Injinia aliacha kahawa yake, akawafuata hatua chache. Halafu akasimama katikati ya njia, hajui kama anaruhusiwa. Valeriani hakugeuka.