Imakulata Lukumani, Aliyebuni Kikopo cha Chumvi Kisichoziba

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ndugu mliofika hapa Kwihara, poleni na matope ya njiani. Mimi ni Julieth, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ninachosoma ndicho kilichochapwa kwenye ratiba mliyonayo mikononi, neno kwa neno, pamoja na sehemu ambayo kamati ya mazishi iliniomba niitoe. Sikuitoa. Tukifika hapo mtaijua wenyewe.

Marehemu Imakulata Lukumani alizaliwa Goweko tarehe 8 Desemba 1957, siku ya sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili, ndiyo sababu ya jina lake. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Lukumani, mkulima wa tumbaku, na Bibi Mwanamkuu. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kuuliza. Alipokuwa na miaka mitano alimuuliza baba yake kwa nini tumbaku inaning'inizwa kichwa chini. Mzee akamjibu, "Ndivyo tulivyoikuta." Mtoto akaenda bandani, akageuza fungu moja likaelekea juu ili aone kitakachotokea. Alichapwa, na fungu lile likaoza. Marehemu alikuwa akisema kwamba fimbo aliisahau, lakini namna fungu lilivyooza hakuisahau.

Alisoma shule ya msingi Goweko kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Mwaka ule darasa lao lilipata nafasi mbili za sekondari na zote wakapewa wavulana, ingawa kwenye hesabu alikuwa amewapita wote wawili. Hakulia mbele ya watu. Mwaka 1974 alijiunga na masista waliokuwa wakifundisha wasichana mapishi na ushonaji, akamaliza mwaka 1975 akiwa na cheti chenye jina lake. Kile cheti alikitunza mpaka mwisho. Kumbukeni hilo la cheti chenye jina lake.

Kuanzia 1976 alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni mjini Tabora. Mwaka 1987 aliacha kazi hiyo na kufungua hoteli yake ya chakula jirani na stesheni ya reli. Meza nne, mabenchi manane, ndoo ya kunawia yenye bomba mlangoni. Walikula pale abiria wa treni, wakulima waliokuja na tumbaku, na warina asali wa Sikonge waliofika na baiskeli zimeinama kwa mzigo. Ugali wake ulikuwa mgumu, mchuzi wake mwingi, na mteja aliyesema chakula hakina chumvi alioneshwa kisahani cha chumvi kilichokuwa katikati ya meza, achovye mwenyewe.

Ndoa yake na baba yetu, Eustace Katabi, seremala, ilifungwa tarehe 28 Julai 1979. Baba alimpendea maneno, alisema hivyo mwenyewe, na kwa maneno hayo hayo alikuwa akinyamazishwa. Waliishi miaka thelathini na saba bila kulala wamenuniana, ingawa mara kadhaa walichelewa kulala kwa sababu hiyo. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi, Emilian na Recheli.

Sasa niseme la chumvi.

Masika ya mwaka 1998 mvua ilikuwa haikatiki, na kipindupindu kilikuwa kinatajwa kila kona. Bwana afya alipita akaagiza visahani vya chumvi viondolewe mezani, maana kila mkono ulikuwa unachovya humo. Marehemu alikubaliana naye. Alikwenda dukani kwa Bibi Shahida, akanunua vichupa kumi na viwili vya kunyunyizia. Baada ya siku tatu vyote vilikuwa vimeziba. Wateja walivigonga mezani mpaka hoteli ikawa kama karakana. Alifanya kile ambacho kila mtu hufanya, akatia punje za mchele uliokaangwa. Mchele ukavimba, chumvi ikabaki jiwe.

Alivirudisha dukani. Bibi Shahida, ambaye yupo hapa leo, alimwambia, "Mama Julieth, hivi vinauzwa dunia nzima, hakuna aliyelalamika."

Marehemu akamjibu, "Basi dunia nzima haijala ugali kwangu."

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye aliketi wiki mbili kwenye kiti karibu na mlango, hafanyi lolote ila kutazama watu wakila. Tulidhani anaumwa. Siku ya mwisho alituita jikoni akatueleza. Mteja wetu hunawa mikono yote miwili, hajifuti, anakaa. Mkono wa kulia unaingia kwenye ugali. Akitaka chumvi hukamata kichupa kwa mkono wa kushoto, ambao bado unachuruzika maji, na maji yanaingia kwenye matundu. Kisha anakipindua juu ya mchuzi unaotoa moshi, na mvuke nao unaingia. "Aliyetengeneza kichupa hiki," alisema, "watu wake wanakula kwa uma na mikono mikavu. Hakukosea. Hajatujua tu sisi."

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na amani, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Alianza kubuni kikopo chake mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa cha bati, chenye vyuma vitatu vya spoku ya baiskeli kwenye kifuniko, ili kila kikifungwa vyuma viingie matunduni na kuyazibua. Ndani aliweka gololi za chuma za kuvunja mabonge. Kilifanya kazi vizuri kwa siku kumi, kisha kikashika kutu. Mkulima mmoja wa Goweko alitazama ugali wake akauliza, "Mama, hii ni chumvi au umetutilia pilipili?" Watu walicheka, na marehemu alicheka nao, akakitupa. Cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, vyote vilishindwa, kila kimoja kwa sababu yake, na kila sababu aliiandika kwenye daftari.

Aliyekuwa akivichonga ni baba. Siku moja alichoka, akasema, "Mama Julieth, mimi natengeneza vitanda. Hiki kitu ni cha kuchezea watoto."

"Mtu akilalia kitanda chako analala," alisema marehemu. "Chumvi isipotoka anakuja kunisema mimi. Chonga."

Baba mdogo Silasi, mdogo wake baba, naye alipita akakuta vipande vimetapakaa uani. "Shemeji, wenzio wanabuni matrekta, wewe unabuni kikopo cha chumvi!"

"Trekta unalihitaji mara moja kwa mwaka, shemeji. Chumvi umeshaiomba mara mbili tangu asubuhi."

Cha saba kilikuwa cha mti wa mninga. Alikisugua kwa nta ya Sikonge nje na ndani, ili maji yateleze yasinywewe na mti. Shingoni alikiwekea ukingo mpana, kama upenu wa nyumba, ili maji ya mkono yadondokee nje na vidole visifike kwenye matundu. Matundu matatu, na kifuniko chenye vijiti vitatu vya mninga vinavyoingia humo. Ndani, badala ya gololi ya chuma, gololi moja ya kioo, ile ya kuchezea. Januari nzima ya mwaka 2001 alikiweka kando ya sufuria ya maharage inayochemka, na kila mchana alikipindua mbele ya wateja. Kila mchana chumvi ilitoka. Kufikia mwisho wa mwezi abiria walikuwa wakikiulizia kabla ya kuuliza chakula.

Watu husahau kwamba njia hii iliyo nyuma yenu, kabla ya reli, ndiyo waliyopita wapagazi, na miongoni mwa mizigo iliyokuwa vichwani mwao ilikuwamo chumvi ya Uvinza. Marehemu hakusahau. Mtu alipomwambia kwamba masika chumvi ni lazima igande, ndivyo Mungu alivyoiumba, alijibu, "Ilifika hapa kwa miguu ya watu, mvua ikiinyeshea, na watu wakaila. Leo ishindwe kutoka kwenye tundu?" Hakukubali kwamba jambo dogo linalomsumbua kila mtu kila siku ni jambo dogo.

Hapa ndipo kamati iliponiomba nikomee. Siwezi.

Mwaka 2004 vikopo hivyo vilipelekwa kwenye maonyesho ya mafundi mjini, vikapata zawadi. Waandaaji walimwona baba ameshika patasi, na mama amebeba sufuria ya chakula cha mchana. Cheti wakaandika Eustace Katabi, mbunifu. Baba aliwaambia palepale, "Si mimi, ni mama Julieth." Walicheka, wakampongeza kwa kumpenda mkewe. Alirudi nyumbani na cheti, akakitundika sebuleni, uso umeelekea ukutani. Nyuma yake, kwa penseli yake ya useremala, aliandika maneno matano: "Si mimi. Ni Imakulata. Eustace." Kilikaa hivyo miaka kumi na miwili, na wageni waliyasoma maneno yale wakadhani ni utani wa mume na mke.

Baba alifariki tarehe 3 Septemba 2016. Waliokuja kupanga sebule kwa ajili ya msiba walikigeuza cheti, uso ukatazama watu. Siku ya mazishi Baba mdogo alisoma wasifu mahali hapa niliposimama, akasema kaka yake ndiye aliyebuni kikopo cha chumvi kisichoziba. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mama. Niliinuka. Mama alinivuta kanga. "Kaa chini," alisema. "Leo ni siku yake. Yangu ikifika, wewe utasimama."

Nimesimama, mama.

Jumatano, tulipokuwa tunaandika wasifu huu, Baba mdogo aliniambia nisiwaaibishe marehemu wawili kwa mkupuo. Nilishusha cheti ukutani, nikakigeuza, nikampa asome. Alisoma. Akasema maandishi ya penseli si ushahidi. Nami namjibu mbele yenu, kwa heshima zote za mtoto kwa baba yake: shikamoo, Baba mdogo, lakini nyumba unayolala, kaka yako aliipima kwa penseli hiyo hiyo, na mpaka leo haijaanguka.

Hatumvui baba yetu chochote. Baba alichonga, na hakuna aliyechonga kama yeye. Lakini hakuiba alipokuwa hai, tusimfanye mwizi akiwa kaburini. Kwa miaka ishirini na zaidi ni mtu mmoja tu mjini aliyeandika sawasawa. Ni Bibi Shahida, aliyeviweka kwenye rafu ya mbele na kubandika karatasi: Vikopo vya Imakulata. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Aliyenirudishia vichupa kumi na viwili ni yeye. Mumewe sikumwona."

Mwezi Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na presha, na baadaye figo zikaanza kushindwa. Daktari alimwambia apunguze chumvi, akaonyesha kwa ncha ya kidole kiasi anachoruhusiwa. Sisi tuliogopa kumtazama. Yeye alipofika nyumbani alimwita Emilian, aliyerithi karakana ya baba, akamwambia, "Nichongee chenye tundu moja. Kama ni kidogo, basi kiwe kidogo kinachotoka." Hicho kilikuwa cha nane, na ndicho cha mwisho. Wagonjwa wenzake wa kliniki walikiona, wakaagiza, na Emilian ameshachonga zaidi ya sitini.

Alilazwa hospitalini mjini Tabora tarehe 2 Februari 2025. Jumapili ya tarehe 9 Recheli alimlisha uji. Alitaka kikopo chake, na mkono wake ulikuwa umelowa, maana alikuwa amemwagikiwa maji. Alikipindua mara moja. Alikuwa hawezi tena kuona vizuri, akauliza, "Imetoka?" Recheli akamwambia imetoka. Akasema, "Najua." Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika, na bado neno lile linanichekesha. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, dada mmoja na kaka wawili, shemeji yake Silasi, hoteli yenye meza nne ambayo Recheli ataifungua Jumatatu, na daftari lenye sababu sita za kushindwa, ambalo yeyote anayetaka kujifunza aje alisome.

Cheti kiko pale juu ya jeneza, upande wa penseli ukitazama juu. Anayetaka kuhakiki asogee.

Tukitoka kaburini tutakula. Mvua inakuja, mtanawa, na mikono yenu italowa. Msijifute. Kila meza ina kikopo, na cha kwanza atapewa Baba mdogo, kwenye mkono wake wa kushoto. Baba mdogo, usikigonge. Kipindue tu, na chumvi ikitoka, sema jina la aliyekibuni, sote tusikie.

Imakulata Lukumani apumzike kwa amani. Jina lake lisipumzike.