Vyuma vya Hema

"Shemeji katutumia tiketi za mbele kabisa, dada, na bado umenuna!"

"Shemeji yako nani? Alinifukuza na mtoto mgongoni, leo anapanda jukwaani na wimbo niliotunga mimi nikimbembeleza mwanangu!"

Basi zima lilikuwa linaelekea kwenye uwanja wa muziki wenye ngazi za mawe, ambako watu hulala hapohapo kwenye mahema. Abiria walijidai kutazama nje, masikio wameyaacha ndani.

"Utampigia makofi?" dada mtu aliuliza.

"Si kila mtu atapiga?"

Dada akamtazama mdogo wake kama mgeni. Basi liliposimama kituo cha njiani, alibeba vyuma vyote vya hema lao, akamrushia turubai mapajani.

"Hilo turubai akushikilie shemeji yako," akasema, akashuka.